Mbwa Amekunywa?

Mjukuu wangu aliye ng'ambo alinipigia simu Jumapili, nikiwa bado na kitambaa cha kanisa kichwani. Nilikuwa kwa binti yangu hapa mtaani Pioneer. Wakanishikisha ile simu, nikaona uso wa mtoto, amenona, Mungu asifiwe.

"Shosho, Desemba nakuja nyumbani," akasema. "Na nakuja na mbwa wangu."

"Mbwa? Hapa Eldoret mbwa wamekwisha?"

Akacheka, kisha akaanza kunieleza mambo anayotakiwa kufanya. Mbwa achanjwe ya kichaa. Adungwe kitu kidogo chini ya ngozi chenye namba yake. Daktari aandike kwamba ni mzima, na serikali yetu itoe kibali cha kumwingiza. Nilisikiliza vizuri, maana huyu mtoto amesoma na mimi ndiye niliyeuza maziwa akasoma. Mwisho akasema, "Wasiwasi wangu ni mmoja tu, Shosho. Karatasi moja ikikosekana, watamtia karantini."

Nilikaa chini. Binti yangu akakimbia kuleta maji akidhani ni presha. Haikuwa presha. Ni hilo neno. Nusura hilo neno linikoseshe shamba ninalolima mpaka leo, shamba lililomzaa huyo aliyekuwa ananiletea maji. Mjukuu alikuwa anakimbilia kazini, sikumweleza. Basi nimeandika, kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu nililosoma uzeeni, na mtu asije akaninyoosha sentensi.

Ilikuwa baada ya uhuru, wakati wazungu wa upande wetu walikuwa wanauza mashamba na kuondoka. Sisi tulikuwa kwenye shamba moja ukitoka Eldoret kwenda huko kunakoitwa Moi's Bridge leo. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta. Mimi nilikuwa nafanya kazi ndani ya nyumba ya memsab, yule mama wa Kizungu mwenye shamba: kufua, kupiga pasi, kupangusa vumbi juu ya vitu ambavyo sikujua kazi yake.

Memsab alikuwa mjane. Bwana wake tulimzika nyuma ya ghala la ngano, na watoto wake walikwenda Ulaya wakanogewa huko. Alibaki na nyumba kubwa ya mabati mekundu na mbwa mmoja. Mbwa huyo alikuwa wa kazi, marehemu alimfundisha kupeleka ng'ombe. Alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe, na uzeeni kidevu kikaota ndevu nyeupe. Jina lake la Kizungu lilitaka mtu ateme mate ndipo litoke, ulimi wangu ukalikataa. Nikamwita Mzee, kwa sababu ya ndevu. Akaitika.

Mume wangu hakupenda. "Wewe mwanamke, siku hizi nchi hii ina Mzee mmoja tu, na yuko Ikulu. Ukisikika unamwita mbwa Mzee, mimi nitafungwa na sikumzaa huyo mbwa."

"Basi nimwite jina lako?"

Akachukua kofia yake akatoka. Lakini nilianza kumwita kwa sauti ya chini, nje ya nyumba sikumwita kabisa.

Sasa habari ya shamba. Tulikuwa kikundi cha watu wanaotaka kulinunua, sisi tuliotoka mkoa wa Central na wenyeji wa upande huu pamoja. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mwenye koti moja na sauti ya kuhubiri. Tulichanga mpaka nyumba zikabaki kuta. Mume wangu aliuza ng'ombe wetu wote, hata yule niliyeletewa na mama yangu nilipojifungua mtoto wa kwanza, na siku anatolewa zizini niliingia jikoni nikafunga mlango. Tukabaki na watoto watatu, jembe, na neno la memsab.

Na neno la memsab lilikuwa hili. Alimwambia mwenyekiti kwenye veranda, kwa Kiswahili chake kile cha wazungu, mimi nikiwa napanga vikombe: "Mimi nakwenda mbele ya mvua, basi shamba yenu. Mvua nakuja, mimi iko hapa bado, basi nalima mimi mwaka hii. Halafu nauza kwa ile bwana ya gari nyeusi."

Bwana wa gari jeusi tulimjua. Alikuwa mkubwa fulani kutoka mbali, alikuwa akipita barabarani polepole, kioo kimeshushwa, akitazama mahindi yetu kama mtu anayetazama nyama buchani. Huyo hangekata shamba vipande vya watu maskini. Angetufukuza hata kwenye vibanda.

"Na nini inakuzuia kwenda, Memsab?" mwenyekiti akauliza kwa heshima.

Memsab akaonyesha chini ya meza, pale mbwa alipokuwa amelala juu ya viatu vyake. "Hii. Kama yeye hapana kwenda, mimi hapana kwenda. Hii ndiyo mtu yangu iliyobaki."

Nilimtazama Mzee. Alikuwa anajilamba. Nikafikiri, haya, watoto wangu watakula au hawatakula kwa ajili ya huyu.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Eldoret mjini, kijana wetu Mwafrika, mpya kazini, ndani ya suti iliyomzidi mabega. Walizungumza Kizungu na memsab muda mrefu, na mpishi wa nyumba akawa anaingia na kutoka na chai, biskuti, chai tena. Mpishi huyo alikuwa na masikio marefu kuliko Kizungu chake. Daktari alipoondoka, memsab aliniita akanieleza sheria, na mimi nikazishika kama Amri Kumi. Mbwa amedungwa sindano. Sasa akae peke yake mpaka siku ya safari. Asicheze na mbwa mwingine. Asifukuze mnyama wa porini. Mbwa mwingine akimuuma, daktari hataandika kwamba ni mzima, na pasipo hilo ndege haimchukui.

"Na huko Ulaya akifika," memsab akasema, "yeye nafungwa miezi sita."

"Kwa kosa gani, Memsab?"

"Hapana kosa. Sheria ya kule."

Nilimhurumia Mzee. Lakini nilijihurumia mimi zaidi, kwa sababu memsab aliniwekea kamba mkononi. "Wewe nachunga. Wewe tu."

Nikamfunga kwenye nguzo ya veranda ya nyuma, kamba mpya ya katani. Nilifua nikimtazama, nikapiga pasi nikimtazama, mpaka nikaunguza kola ya memsab na hakusema kitu. Kila mbwa wa kijiji aliyekatiza uani alipata jiwe langu. Usingizini nilisikia mbwa wakibweka na hakukuwa na mbwa. Mume wangu alisema, "Hata mimi hujawahi kunichunga hivyo." Nikamwambia wewe huuzwi pamoja na shamba.

Kumbe shida ilikuwa imekwisha kutoka nyumbani kwa mguu wa mpishi.

Katika Kizungu chote kile cha daktari, mpishi alikamata neno moja. Na neno lenyewe lilikuwa karantini. Jioni alikwenda kunywa uji kwa jirani, akaliweka hapo: "Daktari wa mifugo alikuwa kwa memsab leo. Amesema karantini. Miezi sita."

Ninyi vijana mnajua karantini ya watu. Sisi wa mashamba tulijua karantini ya ng'ombe. Ukisikia karantini, ujue ugonjwa wa miguu na midomo umeingia. Barabara inafungwa, bendera inasimamishwa getini, ng'ombe hatoki na haingii, hata maziwa hayavuki. Mtu mwenye fahali wa kuuza anakaa anamtazama fahali akizeeka. Na hapo shambani kulikuwa na ng'ombe wengi wa jirani zetu, wenyeji, waliokuwa wakilisha kwa ruhusa ya memsab. Mkubwa wao alikuwa baba mmoja mrefu, mkimya, mwenye shuka jekundu na kofia ya polisi wa zamani. Yeye pia alikuwa kwenye kikundi chetu, na sehemu ya mchango wake ilikuwa bado inatembea kwa miguu minne. Neno lilizunguka siku chache kabla ya kumfikia, na alipolisikia hakuuliza swali. Kabla jua halijatoka alifungua maboma, yeye na wanawe na wenzake, wakapeleka ng'ombe wote mtoni ili wavuke kabla bendera haijafika.

Mimi nilisikia kengele za ng'ombe nikiwa nawasha moto nyumbani. Nikafikiri wanakwenda joshoni kuogeshwa. Lakini Mzee pale verandani alisikia kazi yake. Maisha yake yote ng'ombe hawajawahi kuhama bila yeye. Nilipofika kazini nilikuta nguzo, na kamba, na mwisho wa kamba umetafunwa, bado umelowa mate.

Niliishika ile kamba kama inaweza kunijibu. Nikafikiria kumtafuta kwanza nimrudishe kimya kimya, kisha nikaona hapana, mimi si mtu wa kufichaficha. Nikaenda moja kwa moja chumbani. Memsab alikuwa kitandani na kikombe cha chai.

"Memsab, mbwa ametafuna kamba. Amekwenda na ng'ombe."

Aliweka kikombe, kikakosa kisahani, chai ikaenda kwenye shuka nililopiga pasi jana yake. "Lete viatu yangu," akasema.

Tukatoka wawili, yeye na nguo ya kulalia ndani ya koti la mvua, mimi na aproni. Tulipita kwenye mabua ya mahindi ya mwaka uliopita, yakitukata miguu. Yeye aliita lile jina la mate. Mbwa hakuitika. Akanigeukia. "Wewe ita! Yeye nasikia wewe!"

Hapo ndipo nilipopata taabu. Watu walikuwa wametoka nje ya vibanda wanatutazama, wazee kwa vijana. Lakini nikakumbuka gari jeusi, nikafungua kinywa.

"Mzeeee! Mzee, njoo! Mzee, rudi nyumbani!"

Mama mmoja aliyekuwa anabeba kuni akasimama. "Mama watoto, mume wako ametoroka?"

"Ni mbwa!"

"Aa, nimekuelewa. Wangu pia."

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi machozi yalikuwa karibu, nikapita. Memsab akaniuliza wanacheka nini, nikamwambia wanamhurumia mbwa.

Mtoni tulikuta ng'ombe wamekwisha kuvuka. Walikuwa ng'ambo, wamekusanyika vizuri kama wamepangwa kwa kamba, na nyuma yao alikuwa anakimbia Mzee, huku na huku, tumbo likigusa nyasi, ulimi nje, kijana kabisa. Sijawahi kumwona ana furaha hivyo. Na pembeni walikuwa mbwa wa wachungaji, kundi zima.

"Mzee!" nikaita.

Mbwa akageuka. Na yule baba mwenye kofia ya polisi naye akageuka. "Naam, Mama?"

"Si wewe, Mzee. Ni yule Mzee mwingine."

Akatazama mbwa, akanitazama mimi. Lakini mbwa alikwisha kusikia sauti yangu. Akavuka maji, akaja akalala mbele yetu, na memsab akapiga magoti kwenye matope. Ndipo nikaona damu sikioni.

Sikio la kushoto lilikuwa limepasuka. Nilijisemea ni miiba. Nikajisemea ni seng'enge. Nilitazama ukingo wote wa mto ule nikitafuta seng'enge, na hapakuwa na seng'enge.

"Nani nauma yeye?" memsab akauliza.

Yule baba alivuka mto polepole, maji magotini. Angeweza kusema hajui. Alikuwa na hisa kwenye shamba kama mimi. Lakini alinyoosha fimbo akaonyesha mbwa wake mwenyewe, mkubwa wa rangi ya mchanga. "Ni huyu. Wamegombana juu ya ndama. Wako ameshinda."

Kisha yeye akauliza, "Memsab, bendera inakuja lini?"

"Bendera ya nini?"

"Ya karantini."

Memsab alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Akaelewa kabla yangu. "Karantini ya umbwa!" akapiga kelele. "Hapana ng'ombe! Umbwa! Ulaya!"

Wachungaji wakatazamana. Mmoja akauliza, "Mbwa anawekwa karantini? Kwani anatoa maziwa?" Mwingine akasema, "Ninyi, mpishi ametuponza. Leo atakula fimbo yangu." Yule baba hakucheka. Alitazama ng'ombe wake walivyolowa, akamtazama Mzee, sikio, damu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hii damu inaharibu shamba?"

Nikamwambia, "Inaweza."

Daktari aliitwa tena. Alikagua sikio, akakagua mbwa wa rangi ya mchanga, akavua kofia akakuna kichwa. Akasema kuandika hawezi, si leo. Mbwa aliyeuma lazima afungwe mahali pa kuonekana, na Mzee afungwe mbali naye, watazamwe zaidi ya wiki, mpaka Jumatatu ya pili. Kama yule aliyeuma ana kichaa, ataonekana. Macho yatabadilika, atakuwa mkali au mnyonge kupita kawaida, atashindwa kumeza. "Maji," akaniambia. "Mama, tazama maji. Akishindwa kunywa maji, niite haraka, na usimkaribie."

Memsab akauliza na safari je? Daktari akasema ndege imeshikiwa nafasi wiki hiyo hiyo ya Jumatatu ya pili. Akiwa mzima, watawahi. Asipokuwa mzima, hakuna safari.

Sote tukatazama juu. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Cherangani.

Yule baba alileta mbwa wake mwenyewe, amemfunga kwa ngozi shingoni. Si jambo dogo mchungaji kutoa mbwa wake na fisi wako nje. Tulimfunga kwenye zizi la ndama lililokuwa tupu, zizi la ng'ombe wangu aliyeuzwa, mita chache kutoka jikoni kwangu. Hilo ndilo lililokuwa karantini. Mzee akafungwa kwenye stoo ya memsab, ufunguo shingoni mwangu pamoja na msalaba. Watoto wangu niliwahamishia kwa jirani. Niliogopa. Niliwahi kuona mtu aliyeumwa na mbwa wa kichaa nikiwa msichana kwetu, na sitaandika niliyoyaona.

Kila asubuhi nilichukua karai la maji nikalisukuma kwa mti mrefu mpaka puani mwa yule mbwa wa mchanga, nikasimama. Alikuwa ananitazama kwanza. Alikuwa na macho ya njano. Halafu anainamisha kichwa, na ule mlio wa ulimi kwenye maji, lap, lap, lap, ulinishusha moyo mahali pake. Kisha nikaenda kwa Mzee, nikafanya vile vile.

Habari ilienea. Siku ya kwanza aliyeuliza ni mwenyekiti, amesimama nje ya uzio na koti lake. "Mama, mbwa amekunywa?"

"Amekunywa."

"Bwana asifiwe."

Siku iliyofuata walikuja wanawake wa kikundi. Kisha wazee. Kisha watu wakaacha kuja, wakawa wanauliza tu njiani, kwenye kisima, kwenye kinu. Ikawa ndiyo salamu ya shamba zima. Mtu hakuambii habari ya asubuhi. "Amekunywa?" "Amekunywa." Hata kanisani, mhubiri kabla ya kufungua Biblia alinitafuta kwa macho, nikatikisa kichwa ndiyo, akaendelea. Mpishi peke yake ndiye aliyekosa kuuliza. Akitaka kujua alituma mke wake.

Mvua ikasogea. Jioni upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Watu walikuwa wamenoa majembe, mbegu ziko kwenye vibuyu, na ardhi ile yote mbele yetu haijaguswa. Gari jeusi lilipita mara mbili. Mara ya pili lilisimama getini, na aliye ndani akamuuliza mtu wetu, "Bado mko hapa?" Mtu wetu akamjibu, "Tunanywesha mbwa." Lile gari likaondoka.

Halafu, Jumamosi kabla ya ile Jumatatu, nilisukuma karai na mbwa wa mchanga hakunywa.

Alinusa, akarudisha kichwa nyuma, akageuka akalala. Nikangoja. Nikasukuma tena. Akaonyesha meno. Nilibaki nimeshika ule mti. Mume wangu alikuja nyuma yangu.

"Nini?"

"Hajanywa."

Alikaa juu ya jiwe la kusagia. Ni mtu niliyezaa naye, nilimjua hasira zake na furaha zake, lakini sikuwahi kumwona amekaa hivyo.

Mwenyekiti akafika. "Mama, mbwa ameku—" Akaona nyuso zetu. Akavua kofia kama yuko msibani. Nikamwambia atume mtu kwa daktari, na mtu mwingine kwa mwenye mbwa. Watu wakaanza kukusanyika nje ya uzio bila kuitwa. Mtoto mmoja alilia akapelekwa mbali. Memsab naye akaja, nywele hazijachanwa, akasimama kati yetu, kwenye matope yetu, na nikaona midomo yake inaomba. Mambo tuliyokuwa tunaomba yalikuwa mawili: yeye mbwa, sisi shamba. Lakini sala ilikuwa moja.

Yule baba mwenye kofia ya polisi alifika akiwa anahema. Akataka kuingia zizini. Nikamshika shuka. "Mzee, usiingie. Daktari amekataza."

"Ni mbwa wangu."

"Hata akiwa wako."

Akasimama nje ya miti ya zizi, akachuchumaa, akamtazama mbwa muda mrefu. Mbwa akapiga mkia mara moja. Kisha yule baba akavuta karai kwa fimbo yake, akalileta puani mwake yeye mwenyewe, akanusa. Akanigeukia.

"Mama, umetia nini humu?"

"Maji. Maji safi ya kisima."

"Na karai umelisafisha na nini?"

Hapo nikakumbuka. Jana yake jioni, kwa ule wasiwasi wangu, niliona karai limeota utelezi, nikalisugua na majivu. Halafu nikaona majivu hayatoshi kuua ugonjwa, nikatia dawa ya josho kidogo, ile nyeusi.

"Dawa ya josho," nikasema.

"Mama! Hata mimi singekunywa."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Alituma mwanawe mkubwa mtoni na kibuyu kilichokatwa nusu. Yale maji yaliletwa yakiwa bado na majani. Nikayasukuma kwa mti wangu ule ule, kwa sababu kazi ilikuwa yangu. Watu wote nyuma yangu walikuwa wameacha kupumua, nawaambia. Mbwa alinyanyuka. Akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, kama ana siku nzima. Akanusa.

Lap, lap, lap.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Wanawake walipiga vigelegele mpaka yule mbwa akaogopa akaacha kunywa, nikawafokea wanyamaze, wakanyamaza, akarudi akamaliza kibuyu. Mwenyekiti alivaa kofia. Memsab alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama jembe asubuhi. Mume wangu alibaki kwenye jiwe la kusagia, akasema tu, "Wewe na usafi wako."

Daktari alikuja jioni ile, akatazama, akasema mbwa ni mzima. Jumatatu akarudi akasema tena, na safari hii akaandika. Fundi alikuwa amekwisha kutengeneza sanduku kwa kipimo alichopewa: Mzee asimame bila kugonga kichwa, ageuke, alale, na matundu ya hewa pande zote. Lilikuwa zuri kuliko kitanda changu. Nilitandika ndani aproni yangu ya zamani ili asikie harufu anayoijua huko anakokwenda kufungwa bila kosa.

Na mvua ikanyesha siku hiyo hiyo wanaondoka. Haikungoja hata lori lifike getini. Tone la kwanza liliniangukia mkononi nikiwa nafunga kamba ya sanduku, kubwa kama shilingi, kisha yote kwa pamoja. Lori lilitakiwa kuwahi gari moshi Eldoret, la kwenda Nairobi kwenye ndege. Lilikwenda mpaka lile bonde la chini ya ghala, likazama magurudumu ya nyuma. Dereva alikanyaga mafuta, likazama zaidi.

Memsab alikuwa mbele, bado yuko shambani kwake, na mvua imefika. Nilimwona mwenyekiti anamtazama. Tulijua wote alichosema memsab kule verandani.

"Sukumeni!" mwenyekiti akapiga kelele, akavua lile koti moja alilokuwa nalo akalitupa chini ya gurudumu. Watu wakatupa magunia, mabua, mashuka. Tukashika lori kila mtu alipopata, mimi bega langu kwenye ubao wa nyuma, upande mmoja mume wangu, upande mwingine yule baba mwenye kofia ya polisi, na mpishi katikati na matope mpaka kwenye nyusi. Ndani, Mzee alikuwa anabweka kama tunampelekea ng'ombe. Na mimi nikamjibu, sikujali tena ni nani anasikia: "Kaza, Mzee! Kaza, Mzee!" Wanaume wakadhani nawaambia wao. Wakakaza.

Lori likatoka. Lilipanda kile kilima likivuka geti, na memsab akatoa kichwa dirishani, nywele zimelowa. Nilidhani anaaga. Alikuwa anauliza:

"Umbwa nakunywa leo?"

"Amekunywa!" tukajibu, shamba zima.

Kisha likakata kona. Hakuna aliyekwenda nyumbani kubadilisha nguo. Mwenyekiti aliokota koti lake, akalikamua, akasema, "Haya, majembe," na tulianza hapo hapo pembeni ya lile shimo la magurudumu, mvua ikitupiga mgongoni, tukipanda kabla mwenye gari jeusi hajapata habari.

Krismasi ilikuja kadi yenye picha ya theluji, na ndani maneno mawili ya Kiswahili: umbwa mzima. Mpishi ndiye aliyenisomea. Nilimfanya asome mara ya pili, nikihakikisha hajaongeza neno lake.

Nimempigia mjukuu. Nimemwambia amlete huyo mbwa wake, karatasi zote azikague yeye mwenyewe, na mimi nitamtilia maji kwenye karai lisilo na dawa yoyote. Ila akifika shambani asilitaje lile neno kwa sauti. Wale wazee wangu waliobaki hawasikii vizuri siku hizi, lakini hilo watalisikia, na kesho yake ng'ombe wote watakuwa ng'ambo ya mto.